Wanaanga wa kwanza walikuwa abiria tu?

Swali: "Shikamoo Daktari. Ninafundisha fizikia sekondari, Iringa. Tulipofika kwenye mvutano wa dunia niliwasimulia wanafunzi habari za Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani. Mmoja akanyoosha mkono: 'Mwalimu, chombo kile kilijiendesha chenyewe, mitambo ya kukiongozea ilifungwa kwa namba ya siri, na kabla yake walipanda mbwa wakarudi wazima. Sasa yeye alifanya nini? Na yale mazoezi ya mateso yalikuwa ya nini kama kazi ni kukaa kitini?' Nilikosa la kumjibu. Mwingine akadai Zanzibar nayo ilishiriki safari za Wamarekani. Hilo nalo nakuletea."

Marahaba, Mwalimu. Mpe huyo kijana hongera zangu. Swali lake ndilo walilogombania wahandisi, madaktari na marubani wenyewe miaka ile, tena kwa ukali. Na yote aliyoyataja ni kweli. Chombo cha Vostok, alichopanda Gagarin, kilibuniwa kiruke, kizunguke na kirudi bila mtu kugusa kitu. Madaktari walihofu kwamba mtu akipoteza uzito ghafla huko angani, peke yake, huenda akarukwa na akili na kufanya jambo la hatari. Kwa hiyo mitambo ya kuendeshea kwa mkono ilifungwa, na namba ya kuifungulia, 125, ikatiwa ndani ya bahasha aliyopewa ndani ya chombo. Wazo lilikuwa kwamba mtu aliyechanganyikiwa hataweza kufungua bahasha, kusoma namba na kuibonyeza. Waliomwandaa Gagarin waliona huo ni upuuzi, wakamwambia namba ile kabla hajaruka.

Habari ya mbwa nayo ni kweli, na mbwa wale walifanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Agosti 1960 Belka na Strelka walizunguka dunia siku nzima wakarudi hai. Lakini picha zilionyesha Belka akihangaika na kutapika walipofika mzunguko wa nne. Hapo ndipo madaktari walipokata shauri kwamba binadamu wa kwanza azunguke mara moja tu. Gagarin hakuzunguka mara moja kwa sababu roketi haikuweza zaidi. Mbwa ndiye aliyeamua.

Sasa mrudishie kijana swali hili: chombo kilipokosea, nani ndani yake alijua kwamba kimekosea?

Tarehe 12 Aprili 1961 safari nzima ya Gagarin ilichukua dakika 108. Mambo yalikwenda vizuri mpaka wakati wa kurudi. Injini ya kupunguza mwendo iliwaka, ikazima, na chombo kikaanza kuzunguka kama pia. Lile tufe alilokaa ndani yake lilitakiwa liachane na sehemu ya mitambo baada ya sekunde 10 hivi. Halikuachana. Nyaya zilizounganisha sehemu hizo mbili zilizidi kushika, na vyote viwili vikawa vinabiringika pamoja, mara dirishani anaiona Afrika, mara upeo wa dunia, mara anga nyeusi, mara jua linampiga machoni. Kwa makisio yake mwenyewe chombo kilikuwa kikigeuka nyuzi 30 kila sekunde, yaani mzunguko mzima kwa sekunde 12. Hali hiyo ilidumu kama dakika 10, mpaka joto la hewa likaziunguza nyaya na tufe likawa huru.

Katika ripoti aliyoitoa baada ya safari Gagarin alieleza alichokuwa akikifanya dakika hizo. Alikuwa anapiga hesabu. Alikadiria kwamba mpaka wa Sovieti uko mbele yake kwa kilomita kama 6,000, na nchi yenyewe ina upana wa kilomita 8,000 hivi. Basi hata akichelewa kushuka ataangukia mahali fulani kabla ya kufika Mashariki ya Mbali. Akaona hakuna haja ya kupiga kelele. Akatuma ishara kwamba hali ni ya kawaida.

Mwalimu, hiyo hesabu ya kujumlisha ndiyo jibu la mwanafunzi wako. Kujumlisha 6 na 8 mtoto wa darasa la pili anaweza. Kujumlisha huku unabiringika ndani ya tufe lenye upana wa mita mbili na ushei, ukiwa umefungwa mikanda, hujui kama utatoka, ni jambo linalofundishwa. Na njia ya kulifundisha ni ile ambayo kwa nje inaonekana kama mateso.

Mimi ni daktari wa marubani. Nilipokuwa masomoni tulikalishwa kwenye kiti cha kuzunguka, kile kile cha aina waliyotumia wanaanga wa kwanza. Unafungwa mkanda, unafumba macho, kiti kinaanza kuzunguka taratibu mpaka kifikie mwendo mmoja usiobadilika. Mwanzo unajua kabisa unaelekea kulia. Baada ya sekunde 20 hivi unahisi kiti kimesimama. Hakijasimama. Kisha wanakisimamisha kweli, na unaapa kwa jina la mama yako kwamba unazunguka kwenda kushoto. Halafu sauti ya mwalimu inakuuliza: "Saba mara kumi na tatu?" Nakumbuka nilivyokuwa nimeng'ang'ania mikono ya kiti, jasho linanitiririka mgongoni, na tarakimu hizo mbili zimekataa kabisa kukaa kichwani.

Sababu yake utaifurahia. Ndani ya sikio mna mifereji mitatu myembamba yenye majimaji. Kichwa kikianza kuzunguka, majimaji hubaki nyuma kwanza, kwa sheria ya kwanza ya Newton unayoifundisha, na vinyweleo vilivyomo vinapinda na kuuambia ubongo: tunazunguka. Mwendo ukiwa mmoja kwa muda, majimaji yanaushika, vinyweleo vinasimama wima, ubongo unaambiwa: tumetulia. Kiti kikisimama, majimaji yanaendelea na safari yake, na uongo wa pili unaanza. Hakuna ushujaa unaoweza kuzuia hilo, kwa sababu ni fizikia. Kinachowezekana ni kuuzoea uongo huo mpaka usikunyang'anye akili. Marubani wa Sovieti waliurudia mchezo huu siku baada ya siku. Wamarekani walikuwa na mtambo wao kule Cleveland, vizimba vitatu vya chuma kimoja ndani ya kingine, unaogeuza mtu pande zote tatu kwa mpigo hadi mizunguko 30 kwa dakika, naye ana kishikio cha mkono cha kuutuliza.

Mashine ya kuzungusha yenye mkono mrefu ilikuwa na shabaha nyingine. Ya Wamarekani ilikuwa Johnsville, Pennsylvania, mkono wake mita 15 hivi. Chombo kinaporudi hewani kinafunga breki kwa nguvu sana, hata mtu wa kilo 70 akajihisi ana zaidi ya kilo 500. Kifua kinakandamizwa, ukitoa pumzi yote huipati tena. Mule ndani walifundishwa kukaza tumbo na miguu na kuvuta pumzi kidogo kidogo, huku wakibonyeza swichi na kusoma mita. Mwili ukishajua cha kufanya, kichwa kinabaki huru kwa kazi nyingine.

Parachuti nayo ilikuwa lazima upande wa Sovieti, maana Vostok haikuweza kutua polepole vya kutosha na mtu akiwa ndani. Ikifika kilomita 7 hivi juu ya ardhi, kiti kilirushwa nje na mtu akashuka kwa parachuti yake. Mwaka 1960 kundi la kwanza lilijifunza kuruka karibu na mji wa Engels, kando ya mto Volga, chini ya mwalimu Nikolai Nikitin. Mwaka mmoja baadaye Gagarin akining'inia kwenye kamba aliuona mto mkubwa chini yake, akautambua: ni hapahapa tulipofanyia mazoezi. Alitua shambani, akiwa na suti ya rangi ya machungwa na kofia nyeupe, na watu wa kwanza kumwona walikuwa mama wa kijijini na mjukuu wake.

Waliopata nafasi hiyo hawakuokotwa. Mwaka 1959 madaktari wa jeshi la Sovieti walipekua mafaili ya marubani wa ndege za kivita zaidi ya 3,000, wakitafuta vijana wafupi na wepesi, urefu usiozidi sentimita 170 hivi na uzito usiozidi kilo 72, kwa sababu chombo kilikuwa kidogo. Walibaki 20. Gagarin alikuwa na sentimita 157. Wamarekani walianza na mafaili 508 ya marubani wa majaribio wakabaki na 7, wakatangazwa tarehe 9 Aprili 1959: Carpenter, Cooper, Glenn, Grissom, Schirra, Shepard na Slayton.

Hao saba walikuwa na msimamo kuhusu swali la mwanafunzi wako hata kabla ya kuruka. Walikataa katakata kuwa mizigo. Walidai chombo chao, Mercury, kiwe na dirisha la maana, na usukani wa mkono unaofanya kazi kweli. Walishinda, na nadhani huo ni mchango wao mkubwa kuliko safari yoyote. Alan Shepard aliporuka tarehe 5 Mei 1961, safari ya dakika 15 tu ya kupanda na kushuka, alikishika chombo mwenyewe, upande mmoja baada ya mwingine, akithibitisha kwamba mtu anaweza kukigeuza huko juu.

Kabla ya mtu wao kuzunguka dunia Wamarekani walimpeleka sokwe aitwaye Enos, Novemba 1961. Enos alifunzwa kuvuta vishikio kufuatana na taa. Akikosea, anapata mshtuko mdogo wa umeme mguuni. Huko angani kifaa kikaharibika: anavuta sawasawa, na mshtuko unampata vilevile. Maskini aliendelea kuvuta kama alivyofunzwa, akipigwa shoti kwa kupatia. Nikifikia hapa huwa naona huruma. Mnyama yule alikuwa hodari, lakini hakuwa na namna ya kusema "mashine hii ndiyo yenye kosa." Hiyo ndiyo sentensi iliyompeleka binadamu angani.

Nije kwenye Zanzibar, maana huyo mwanafunzi wa pili naye yuko sahihi. Miaka ile hapakuwa na setilaiti za kupeleka mawasiliano. Chombo kikipita, kinasikika kwa dakika chache tu na wale walio chini yake, kisha kinazama nyuma ya upeo. Wamarekani wakajenga mnyororo wa vituo kuizunguka dunia: Bermuda, visiwa vya Canary, Kano kule Nigeria, Tunguu katika kisiwa cha Unguja, meli katika Bahari ya Hindi, kisha Australia na kuendelea. Kituo cha Tunguu kilizua ubishi, wapo Wazanzibari waliokipinga wakihofia ni mambo ya vita. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kilifungwa, na kazi yake ikahamia Madagaska.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipita juu ya Unguja jioni, jua likikaribia kuzama. Katika mzunguko wa kwanza alipokuwa akizungumza na Zanzibar alifanya zoezi la kuvuta kamba ya mpira iliyofungwa mbele yake, mara moja kila sekunde kwa sekunde 30. Mapigo ya moyo yakapanda kutoka 80 hadi 124 kwa dakika, na muda mfupi baadaye yakarudi chini. Kwa daktari hii ni habari nzito. Ina maana moyo usio na uzito wa damu ya kusukuma juu bado unafanya kazi kama moyo. Na takwimu za mwili wake, daktari aliyekaa Tunguu alikuwa akizitazama. Dakika chache mbele, juu ya Bahari ya Hindi, Glenn akaliona jua likizama kwa mara ya kwanza kutoka angani.

Mwisho wa mzunguko huohuo wa kwanza, kijisukumio kimoja cha kukigeuza chombo kikaharibika. Kikawa kinapotoka upande, mtambo unakirudisha kwa nguvu na kupoteza mafuta, kinapotoka tena. Glenn akauchukua usukani, na sehemu kubwa ya mizunguko iliyobaki alikiongoza kwa mkono. Kisha mitambo ya ardhini ikaonyesha kwamba ngao yake ya joto imelegea. Kama ni kweli, angeungua. Wakaamua asiutupe mzigo wa roketi za breki uliofungwa juu ya ngao, kwa matumaini kwamba mikanda yake itaishikilia. Aliingia hewani akitazama vipande vya moto vikipita dirishani, hajui ni vya mzigo au vya ngao. Ilikuwa ishara ya uongo, swichi tu iliyokosea. Mtu alisoma mita, akapima, akaendelea kuongoza.

Mwaka uliofuata, Mei 1963, Gordon Cooper alikaa juu saa 34. Katika safari hiyo alituma salamu kwa viongozi wa Afrika waliokuwa wakikutana Addis Ababa kuunda umoja wao. Kuelekea mwisho umeme wa mtambo wa kujiendesha ukafa kabisa. Cooper alikilenga chombo kwa kutazama upeo wa dunia dirishani, akahesabu muda wa kuwasha breki kwa saa ya mkononi, na akatua karibu na meli iliyokuwa ikimsubiri. Mwambie kijana wako kwamba huyo hakuwa abiria.

Na Valentina Tereshkova je? Alitoka kiwandani, kiwanda cha nguo kule Yaroslavl. Hakuwa rubani, alichokuwa nacho ni kuruka kwa parachuti kwenye klabu ya mji wake. Alifunzwa pamoja na wanawake wengine wanne, akaruka tarehe 16 Juni 1963, akazunguka dunia mara 48 kwa karibu siku tatu. Baadaye sana amesimulia mwenyewe kwamba aligundua programu ya kukielekeza chombo imekosewa: badala ya kumshusha ingemsukuma juu zaidi. Akatoa taarifa, data mpya zikatumwa, akarudi. Sergei Korolev, mhandisi mkuu, alimwomba asiseme, naye akakaa kimya kwa miongo.

Kuna jambo nisingependa ulifiche darasani. Si kila ukali ulikuwa na maana, na mmoja uliua. Valentin Bondarenko, kijana wa miaka 24 wa kundi la Gagarin, alifungiwa kwenye chumba cha ukimya kwa siku kadhaa peke yake, hewa ikiwa imeongezwa oksijeni nyingi. Tarehe 23 Machi 1961 alijisafisha ngozi mahali palipobandikwa vifaa vya kupimia, kwa pamba yenye spiriti, akaitupa bila kuangalia. Ikaangukia jiko la umeme. Kwenye hewa ya kawaida ungekuwa moto wa kupuliza. Kwenye oksijeni ile chumba kizima kiliwaka, na mlango haukufunguka mara moja kwa sababu ya tofauti ya kanieneo ndani na nje. Alifariki baada ya saa chache, wiki tatu kabla ya Gagarin kuruka. Habari zake zilifichwa hadi mwaka 1986. Tarehe 27 Januari 1967 wanaanga wa Marekani Grissom, White na Chaffee walikufa kwa moto ndani ya chombo cha Apollo wakiwa bado ardhini, kwenye mazoezi, ndani ya oksijeni tupu, na mlango wa kufungukia ndani. Ninaamini kuficha kifo cha yule kijana lilikuwa kosa kubwa kuliko jiko lile la umeme.

Mfano wa mwisho, na huu nauhusudu. Tarehe 18 Machi 1965 Alexei Leonov alitoka nje ya chombo, mtu wa kwanza kufanya hivyo, akaelea dakika 12. Huko kwenye utupu suti yake ikafura kama mpira, vidole vikateleza kutoka kwenye glovu, na hakuweza kuingia tena miguu mbele kama alivyofunzwa. Akaipunguza hewa ya suti mwenyewe, akaingia kichwa mbele kinyume cha utaratibu, akageuka ndani ya bomba jembamba. Siku ya pili mtambo wa kurudi ukagoma. Pavel Belyayev, mwenzake aliyekuwa kamanda wa chombo, akakilenga kwa mkono, na ili aone kupitia kifaa cha kulengea ikabidi ajilaze kupita viti vyote viwili, kisha wote warudi haraka mahali pao kabla ya kuwasha injini. Walitua mbali sana na walikotarajiwa, katikati ya msitu wenye theluji, wakalala huko siku mbili. Mafunzo ya kuishi porini nayo yakapata kazi.

Kipindi kijacho, Mwalimu, chukua kiti cha ofisi kinachozunguka. Mkalishe yule mwanafunzi wa kwanza, umfunge macho kwa kitambaa, vijana wanne wasimame kumzunguka asije akaanguka. Mzungushe polepole, mzunguko mmoja kwa sekunde tano, mwendo usibadilike, kwa nusu dakika, darasa zima likiwa kimya. Aonyeshe kwa kidole anakohisi anaelekea. Simamisha kiti, kidole kiendelee kuonyesha. Kabla hajafungua macho, muulize kilomita 6,000 ukijumlisha 8,000 ni ngapi, kisha 7 mara 13, na wengine wapime muda anaochukua kujibu. Mabega yake myashike mpaka atakaposema dunia imetulia.